Karani wa Mizani Anajua, Nani Amemuuliza?

Chota konzi ya kahawa ya maganda iliyokauka sawasawa, uitikise karibu na sikio. Italia. Buni imekwisha kujitenga na ganda, inagonga ndani kama mbegu za kayamba. Ile ambayo haijakauka haitoi sauti. Bado imegandamana na ganda lake. Karani mzee niliyekaa naye kutwa nzima msimu mmoja, kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, hakuishia kutikisa. Aliingiza mkono hadi kiwiko ndani ya gunia, kwa sababu mkulima mwenye haraka huweka kavu juu na mbichi katikati. Alichomoa tunda moja, akalipasua kwa meno, akaing'ata buni. Kisha akamuuliza mwenye mzigo ameanika wapi, kwenye turubai au chini kwenye udongo, na mvua ya juzi usiku ilimkuta amefunika au amelala. Ndipo akaruhusu gunia lipande mizani.

Hatua tatu kutoka pale alikuwa amekaa kijana wa kuandika stakabadhi. Amemaliza kidato cha nne, mwandiko wake mzuri, hesabu zake hazina doa, na kwenye kabati nyuma yake kuna kipima unyevu. Kwa muda wote niliokuwepo, wawili hawa walizungumza mambo ya Simba na Yanga, bei ya mabati na ubovu wa barabara. Juu ya kahawa hawakusemezana neno, zaidi ya mzee kutaja kilo na kijana kuziandika. Nilipomuuliza kijana kwa nini gunia moja lilirudishwa, alinijibu, "Mzee ndiye anajua."

Jibu hilo nimelisikia maghalani, kwenye zahanati na ofisi za kata, na mahali walimu wanapokaa kusahihisha madaftari. Nimefika mahali pa kulichukia, si kwa sababu ya anayelitoa, bali kwa sababu ya kinacholifuata. Siku mzee akistaafu, akiugua au akihamia kwa mwanawe Bukoba, hakuna anayejua. Msimamo wangu ni kwamba Karagwe na Kyerwa hazina upungufu wa ujuzi, wala hazina upungufu wa semina. Zina upungufu wa mazungumzo ya kazi: watu wa kazi moja kuulizana, palepale wanapofanyia, kitu chenyewe kikiwa mbele yao, kwa nini hili limefanywa hivi na lile vile. Mazungumzo hayo yasipohesabiwa kuwa ni kazi, yakapewa muda na msimamizi, tutaendelea kuanza upya kila mwenye ujuzi anapoondoka.

Hasara yake ina uzito wa kupimika. Chama kikuu cha ushirika, KDCU, kilichoanza mwaka 1990, kinahudumia wilaya zote mbili, na nguvu yake inatoka kwenye vyama vya msingi vijijini. Gunia moja lenye unyevu likiingia kati ya makavu, linapata joto, linashika ukungu na kuyaambukiza harufu yanayoliegemea. Nakifahamu chama kimoja, ambacho jina lake nalihifadhi, kilichompumzisha karani wake wa siku nyingi kwa heshima zote, pamoja na mbuzi na hotuba. Hakuna aliyemkalisha na mrithi wake hata siku mbili. Katikati ya msimu uliofuata walikuwa wanamwaga magunia juani kuyaanika upya, huku wakulima wakisubiri malipo. Mzee mwenyewe alikuwa nyumbani kwake, mwendo wa dakika ishirini kwa baiskeli.

Kwa nini ujuzi wa namna hii hauhami wenyewe? Nilijifunza jibu siku ileile Kyerwa. Jioni nilimuuliza karani, "Mzee, unajuaje kama kahawa imekauka?" Akasema, "Inajulikana tu." Hakuwa ananificha. Swali langu lilikuwa baya. Michael Polanyi, mwanafalsafa mzaliwa wa Hungaria, alieleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1966 kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wa binadamu haimo katika maneno aliyonayo tayari. Imo katika mkono, sikio na jicho. Basi nikachota konzi mbili kutoka magunia mawili, nikaziweka juu ya meza, nikamuuliza ipi angeikataa na kwa nini. Hapo alizungumza karibu nusu saa. Alinionyesha ganda lililopauka upande mmoja kwa sababu halikugeuzwa. Alinieleza kwamba kahawa iliyoanikwa kwenye udongo hunuka vumbi hata ikipepetwa. Aliniambia kuwa mwezi wa sita huamini sikio, lakini mvua zikirudi hulitilia shaka, hung'ata kila gunia. Kijana wa stakabadhi aliacha kufunga daftari, akasogea.

Huo ndio utaratibu mzima, na haufichiki ukishauona. Ujuzi wa mkononi hautoki kwa amri ya "tufundishe unachokijua". Unatoka kwa swali la tofauti: kati ya hiki na kile, umechagua kipi, na umeona nini? Unahitaji kitu chenyewe kiwepo, maana macho ndiyo yanayoukumbusha ulimi. Na unahitaji msikilizaji mwenye haja, atakayefanya kazi hiyo kesho na ambaye atauliza tena akikwama. Kipima unyevu hakiondoi haja hiyo. Kipimo kinakupa namba ya konzi uliyoitia. Hakikuambii uitie konzi kutoka katikati ya gunia, wala hakimuulizi mkulima kama alifunika.

Mtafiti wa Marekani, Julian Orr, aliyefuatana na mafundi wa mashine za kutoa nakala wa kampuni ya Xerox katika miaka ya 1980, aliona jambo hilohilo. Mafundi wale walikuwa na vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa kwa uangalifu. Lakini mashine iliyokataa kutengenezeka haikutibiwa na kitabu. Ilitibiwa na hadithi walizopeana wakipata kifungua kinywa, za mashine fulani iliyomsumbua fulani na alivyoigundua. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1996 kiliwafanya mameneja wengi waione tofauti ile meza ya chai waliyodhani ni ya uvivu. Sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo kuamini. Katika mikoa hii ya magharibi ya Ziwa Victoria, mgeni hukaribishwa kwa kahawa iliyochemshwa na kukaushwa ya kutafuna, na marafiki waliotaka kuwa ndugu wa damu waligawana buni mbili za tunda moja. Watu waliofanya kahawa kuwa chombo cha maongezi wanaipokea ghalani kimyakimya.

Nieleze sasa mahali ambapo kimya kinaumiza zaidi, napo ni shambani. Mnyauko wa kahawa ulithibitika Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990, na mnyauko wa migomba ukaingia katikati ya miaka ya 2000. Wa kwanza unaletwa na kuvu, wa pili na bakteria, lakini yote miwili hupenda njia moja: jeraha la mti na panga lililolifanya. Maelekezo yanajulikana. Mkahawa ulionyauka ung'olewe na kuchomwa palepale, usiburutwe nyumbani kuwa kuni. Ua dume la mgomba liondolewe kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, mara tu kichane cha mwisho kinapotokea. Panga lipitishwe motoni au kwenye dawa ya kuua vijidudu kabla halijagusa shina jingine. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku na maafisa ugani wa kata wameyasema haya kwa miaka mingi.

Sasa jiulize nani anayeshika panga. Katika vibanja vingi vya Karagwe na Kyerwa, yaani mashamba ya migomba na kahawa, anayepalilia, anayepogolea na anayekata majani makavu ya migomba ni kibarua. Wengine ni vijana wa kijiji jirani, wengine wamevuka mpaka kutoka Burundi kutafuta kazi ya msimu. Asubuhi yuko kwa mzee huyu, mchana kwa mama yule, kesho kijiji cha pili, na panga lake ni lilelile. Semina ikiitishwa kwenye ofisi ya kijiji anakwenda mwenye shamba, kwa sababu jina lake ndilo limo kwenye orodha. Anasaini, anasikiliza, anarudi nyumbani na elimu yake, na kesho yake anamwambia kibarua maneno mawili tu: anzia pale, ishia kule. Mlolongo mrefu uliotoka maabara umekatika kwenye hatua ya mwisho, kati ya watu wawili waliosimama mita moja kati yao. Dakika tano za kumwonyesha na kumwambia kwa nini panga linapita motoni zingekuwa na faida kuliko siku mbili za ukumbini. Tena ungekuta kibarua ana la kukuambia wewe. Amepita vibanja kumi wiki hii; ndiye wa kwanza kujua mnyauko umefika wapi.

Lugha nayo ina sehemu yake, na sijaona ikitajwa vya kutosha. Ghalani na shambani watu hufikiri kwa Kinyambo, lugha ya wenyeji. Ofisini huandika Kiswahili. Mradi ukiwa na mfadhili wa nje, ripoti huenda kwa Kiingereza. Kila ngazi inachuja. Mkulima mwenye maneno matatu ya hali tofauti za ukavu huandikiwa neno moja, "unyevu", na ngazi ya juu hubaki asilimia. Siidharau asilimia, lakini mazungumzo ya kazi yafanyike kwa lugha ya kazi, na afisa mgeni kutoka Mtwara au Kilimanjaro asione aibu kumwomba mwenzake amtafsirie. Nimemwona bibi shamba mmoja akiuliza kwa Kinyambo kibovu kilichochekesha kikundi kizima. Baada ya kicheko, watu walizungumza naye kwa saa nzima.

Nakijua kinachonisubiri kutoka kwa wasimamizi wa ofisi. La kwanza: maongezi kazini ni umbeya na kupoteza muda. Wapo wanaopoteza muda, sikatai. Lakini pima muda wa kuyaanika magunia upya. Pima muda wa muuguzi mpya anayetafuta chumba kizima kifaa ambacho mwenzake wa zamu ya usiku alijua kimehamishiwa wapi. Umbeya humhusu mtu asiyekuwepo; mazungumzo ya kazi yanahusu kitu kilichopo mezani. Msimamizi anayekaa na watu wake hutofautisha haya mawili kwa dakika moja, na yule anayekaa mlango umefungwa huyaogopa yote.

La pili: tayari tuna vikao. Kikao kina mwenyekiti, ajenda na muhtasari, na kwa kawaida anayeongea ni mkubwa. Nimehudhuria vikao vya saa tatu ambavyo hakuna swali lililoulizwa kwa sababu asiyejua alitaka kujua. Vilevile semina: watu hukaa kwa vyeo, posho hulipwa mwisho, na mtoa mada hajawahi kuliona ghala lenu. Semina hutufundisha jambo jipya kutoka nje, na hapo ina kazi yake. Haiwezi kutoa kilichomo kichwani mwa karani aliyekaa safu ya nyuma.

La tatu: tuna kundi la WhatsApp. Tunalo, na limejaa matangazo, salamu za asubuhi na picha za harusi. Ni zuri kwa kupeana habari kwamba lori la kuchukua kahawa linafika Omurushaka saa nane. Lakini swali la kijana kwa mzee, lenye kukiri kwamba hajui, halitaulizwa mbele ya watu 90 akiwemo bosi. Na wengi wa wazee wenye ujuzi wana simu za vitochi.

La nne ndilo gumu: wazee huficha, wanasema, siri ya kazi. Wapo, na wana sababu. Mtu ambaye thamani yake yote ofisini ni kile anachokijua yeye peke yake, ukimwambia akigawe bure huku mkataba wake ukiisha Desemba, unamwomba ajichimbie kaburi. Tusimlaumu, tubadilishe hesabu yake. Lakini kwa niliyoyaona, wanaoficha ni wachache kuliko wasioulizwa. Hofu kubwa iko upande wa anayetaka kuuliza. Anaogopa kuonekana hajui, na anaogopa zaidi kusema alipokosea. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani aliyechunguza makosa ya dawa hospitalini katika miaka ya 1990, alitarajia kukuta timu zenye uongozi mzuri zina makosa machache. Takwimu zikampa kinyume: zilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Alipochimba akaelewa kwamba kilichotofautiana ni uwazi. Wauguzi wa timu zile waliyasema makosa yao, wenzao waliyaficha. Kwa hiyo ofisi yenye rejesta safi isiyo na kosa hata moja haijanithibitishia usalama. Imenifanya nitake kujua nini kilimpata mtu wa mwisho aliyesema ukweli.

Nchi hii inajua kufanya jambo hili, na iliwahi kulifanya kwa ukubwa ambao mataifa mengine yalikuja kujifunza. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wanaokaribia milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Siri ya mafanikio yake haikuwa redio peke yake. Kipindi kikiisha, kikundi kilibaki kikijadili: hapa kwetu choo kichimbwe wapi, nani achimbe, lini. Shamba darasa lina msingi huohuo. Lilianza Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga, likafika hapa, na mradi wa FAO wa bonde la mto Kagera, uliounganisha Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, ulilitumia katika kuhifadhi ardhi: wakulima wanasimama mbele ya shamba, wanatazama, wanabishana. Na kwa walimu, mpango wa mafunzo endelevu kazini, MEWAKA, umeziweka jumuiya za ujifunzaji ndani ya shule, walimu wakae wenyewe kwa wenyewe wajadili mada iliyowashinda darasani. Namsihi kila mwalimu mkuu wa Kayanga, Nkwenda, Nyaishozi na kwingineko asiigeuze jumuiya hiyo kuwa kikao cha matangazo. Ikigeuzwa, imekufa.

Nini kifanyike? Ghalani ningeanza na kitu kidogo kabisa. Kila asubuhi kabla mizani haijafunguliwa, karani, mwandishi na wapakiaji wakae dakika kumi mbele ya magunia mawili ya jana, lililokubaliwa na lililokataliwa, na mdogo wao kuliko wote ndiye aulize. Wapakiaji wawepo. Wanaobeba gunia mgongoni wanajua uzito wake unavyodanganya. Bodi ya chama imlipe karani anayestaafu msimu mmoja zaidi, nusu siku, kwa cheo kilichoandikwa barua: mwalimu wa mizani. Gharama hiyo ni ndogo kuliko magunia machache yaliyooza, na inaibadilisha ile hesabu ya anayeogopa kugawa.

Kwa halmashauri, nasema juu ya makabidhiano. Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, mafaili na samani vilikuwa na namna ya kugawanywa. Kilichomo kichwani mwa afisa hakina namna hiyo, na kila uhamisho wa mtumishi ni mgawanyo mwingine wa aina ileile. Hati ya makabidhiano inaorodhesha kompyuta, mihuri na funguo. Iongezwe sharti moja: anayeondoka na anayeingia watembee pamoja siku tano vijijini, na katika kila kituo anayeingia aandike maswali, si majibu. Najua bajeti ya mafuta ilivyo. Zikitoka siku mbili, zitoke mbili.

Viongozi wana kazi moja ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya kwa niaba yao. Mganga mfawidhi, mwenyekiti wa bodi au mratibu elimu kata anapokaa na watu wake, aseme yeye kwanza jambo alilokosea mwezi huu, kisha anyamaze mpaka wote wamalize. Nimeona kituo kimoja cha afya kikibadilika kwa hilo tu. Wiki mbili za mwanzo watu walitazama sakafu. Ya tatu, mhudumu wa usafi akasema kwamba ndoo ya kuwekea vifaa vilivyotumika hujaa kabla ya saa nne, kwa hiyo huvipanga pembeni, chini. Alikuwa akifanya hivyo siku zote, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Kwa mkoa ulioupitia ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025, sentensi moja ya mhudumu wa usafi ina thamani ya maisha ya watu.

Na redio za jamii kama FADECO, ambazo zimezoea kumwita mtaalamu studioni, ziwaite pia karani wa mizani na kibarua mwenye panga, wawili kwa pamoja, waulizane wenyewe. Mtangazaji asiwakatize.

Msimu wa kahawa huanza mwezi wa tano. Ewe mwenyekiti wa chama cha msingi unayesoma safu hii, unamjua mzee wenu, na unajua umri wake. Mpelekee kijana kabla magunia ya kwanza hayajafika.